Kwa Nini Mama Anakimbia

Kiogoro,
Kisii.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa shemeji Thadeus,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwa kaka yako, na mkeo Kabula umpe zake kwa kumshika mkono, usimfikishie kwa mdomo tu. Je, hamjambo? Ongeri mdogo bado anakohoa, au ameshaizoea hewa ya ziwa? Nasikia Mwanza joto limekuwa kali mwezi huu. Sisi huku tungali tunalala na blanketi mbili, na asubuhi ukungu hautuonyeshi hata lango.

Sisi tu wazima. Manasseh anaendelea na kazi na mgongo wake umetulia. Watoto wako shuleni. Migomba ya nyuma ya nyumba ilipigwa na mvua ya mawe mwezi wa sita, lakini imechipua tena. Mama ni mzima. Hili nalisema mapema ili yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa vizuri: mama ni mzima kabisa, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Barua hii anakuletea binamu yenu Nyasani, anayekuja huko kufuata mzigo wa dagaa. Nimeandika kwa Kiswahili ili Kabula naye asome mwenyewe, asitafsiriwe nusunusu. Nimechagua karatasi kwa sababu simu ilitushinda. Mwezi wa tano ulinipigia ukaniuliza kwa nini namkimbiza mama yako barabarani kama mtoto wa shule aliyechelewa. Nilikujibu vibaya, nawe ukanijibu vibaya, laini ikakatika. Tangu siku hiyo unampigia Manasseh tu, na ukiongea na mama unamuuliza habari za ng'ombe, basi. Ameliona hilo. Juzi aliniambia, "Thadeus siku hizi ni rafiki wa ng'ombe."

Kwa hiyo acha nikueleze tangu mwanzo, pamoja na lile nililolificha.

Kazi yangu unaijua. Ofisi ya wakili, orofa ya tatu, nachapa barua za watu wanaogombania mipaka tangu saa mbili hadi saa kumi na moja. Januari ya mwaka jana nilipanda ngazi zile nikiwa na mafaili, nikafika juu nikashikilia mlango. Mteja mmoja alidhani nalia. Jioni nilipita kliniki. Muuguzi alinipima presha, akarudia, kisha akamwita mwenzake naye apime. Nikaambiwa nianze mazoezi au nianze vidonge, na huenda nikahitaji vyote viwili. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Mama yangu mzazi alichukuliwa na presha akiwa na hamsini. Huna haja ya kuambiwa nilifikiria nini nikirudi nyumbani.

Jirani yangu Gladys, yule mwalimu, ndiye aliyesema tukimbie. Siku ya kwanza tulitoka langoni kwetu tukafika kwenye mashine ya kusagia mahindi, nikakaa kando ya barabara nikitafuta pumzi. Vijana wa boda boda walikuwa wanatutazama. Mmoja wao, Duncan, akaniuliza, "Madam, nani anakufukuza, tumshike?" Walicheka wote, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kesho yake nilirudi kwa sababu Gladys alibisha mlango. Nakwambia ukweli, miezi ile mitatu ya kwanza sikuwa na ari yoyote. Nilichokuwa nacho ni mkono wa Gladys mlangoni.

Kufikia Pasaka tulikuwa watano, na kufikia mwezi wa saba kumi na wanne. Mose mwenye bucha alijiunga, mtu ambaye alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Duncan naye akaja, kwanza kutucheka, kisha kukimbia. Tulijiita Genda Buya, na Kabula, hiyo ni Kikisii, ni kumwambia mtu aende salama. Siku yetu ikawa Jumapili, maana sisi Waadventista Jumamosi tunapumzika, na Wakatoliki wetu walitaka kuwahi misa. Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunapanda kilima cha Nyanchwa, na kabla ya saa mbili kila mtu yuko kwake.

Mwezi wa tisa mvua zikakaza, na kikundi kikaanza kuyeyuka. Huyu ana mafua, yule amefiwa na shangazi, Mose anangoja ng'ombe wa kuchinja. Gladys mwenyewe akaenda Marani kumuuguza baba yake, na mlango wangu ukakosa mtu wa kuubisha. Jumapili mbili nilikimbia peke yangu. Ya tatu nilizima kengele ya simu nikajifunika.

Huo ndio mwezi ambao mama alikuwa kwetu kwa ajili ya macho. Alikuwa amepewa dawa ya matone na kuambiwa arudi hospitalini baada ya wiki nne, tukaona ni afadhali asihangaike kwenda Nyamira na kurudi. Wewe unamjua mama asipokuwa na kazi. Alikuwa ameshapalilia shamba letu na la jirani.

Jumapili hiyo niliamka kwenda chooni, nikamkuta ameketi sebuleni gizani. Alikuwa amevaa sketi yake ya buluu, sweta, kitambaa amekikaza kichwani, na miguuni viatu vya mpira vya shambani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Si leo ndiyo siku yenu ya kukimbia?"

"Leo kuna mvua, mama. Watu hawaji."

"Mimi nimekuja," akasema.

Nilivaa. Nia yangu ilikuwa nimsindikize kidogo, aridhike, turudi tunywe chai. Yeye alitembea, nami nikakimbia polepole kwa heshima. Tulipofika tambarare alianza kukimbia. Si mbio unazozifikiria. Hatua fupifupi, viwiko vimebana mbavu, kiwiliwili kimetulia kama mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Chini ya kilima cha Nyanchwa nilipunguza mwendo. Yeye hakupunguza. Alinipita.

Shemeji, nimemjua mama yako miaka kumi na tisa. Nimemwona akimzalisha ng'ombe usiku wa radi. Nimemwona akimzika baba yenu bila kuegemea bega la mtu. Lakini asubuhi ile, nikitazama visigino vyake vikiinuka na kushuka mbele yangu hadi ukungu ukavimeza, nilijua sijawahi kumwona. Ana miaka sitini na minne, na alikuwa anapumua kwa pua.

Alinisubiri kwenye kona ya kwanza. Hakusimama kwa ajili yake mwenyewe.

"Persis, mbona unapumua kama mtu anayegombana?"

"Kilima ni kirefu, mama."

"Unakiangalia sana. Angalia pale mguu unapokanyaga. Huko juu utafika tu."

Nikafanya hivyo. Nikafika juu bila kusimama, kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Mji wote ulikuwa chini ya mawingu, mabati tu yakichungulia hapa na pale. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akanishangaa. "Kwenye majani chai," akasema. Miaka arobaini na ushei ya kupeleka majani kituoni yanapopimwa, kabla lori halijaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuita jambo hilo kukimbia, kwa sababu mgongoni kulikuwa na kikapu.

Tuliporudi tumelowa, Duncan alituona kutoka stejini kwa boda boda. Wiki iliyofuata alikuja, na jioni akawa anamwambia kila abiria wake kwamba omong'ina, yaani bibi mzee, wa Kiogoro amempita mlimani. Wengine wakaja kuona kama ni kweli. Mose alirudi. Gladys aliporudi kutoka Marani alimtafutia mama raba za mtumba soko la Daraja Mbili, na mama akazigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuzivaa. Hata macho yalipopona akarudi kwake, Jumamosi jua likizama na Sabato ikiisha, alikuwa anapanda gari kutoka Nyamira na kuja kwetu ili Jumapili isimpite.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa tano, tukishuka Nyanchwa baada ya mvua, mguu wake uliteleza kwenye udongo mwekundu. Alichanika goti, akashonwa nyuzi tatu, na kifundo cha mkono kikavimba. Nilimwambia Manasseh kwamba mama amejikwaa kizingitini. Ulikuwa uongo. Mama alikuwepo akausikia, akanitazama, akageukia bandeji yake. Siku mbili baadaye mwanetu Ondieki, bila nia mbaya, akatuma kwenye kundi la familia picha ya mama na bandeji yake katikati ya wakimbiaji. Ndipo ukanipigia. Ulikuwa na haki ya kukasirika kwa uongo ule.

Manasseh hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama hakimbii tena," kwa sauti ya mtu anayefunga lango. Nami nilikubali. Niliogopa. Angevunjika nyonga, jina la nani lingetajwa? La mkwe aliyemtoa kitandani. Huku kwetu habari kama hiyo husimuliwa miaka thelathini.

Wiki tatu mama alikaa Nyamira bila kuja. Halafu tulikwenda kumwona, tukamchukua na baba mdogo Onchiri ili neno liwe na uzito. Mama alitupikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akangoja tule, tunawe. Baba mdogo akaanza. Alizungumza juu ya umri, juu ya mifupa, juu ya watu watakavyosema. Akasema watoto wake wamekua, wanaweza kumlisha, kwa hiyo sasa akae apumzike. Alisema vizuri na kwa upole. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kikisii, nami nakugeuzia hapa kadiri niwezavyo.

"Onchiri, mwinuko huu nimeupanda miaka arobaini na kikapu mgongoni. Nimeupanda na mimba ya Manasseh. Nimeupanda na mimba ya Thadeus. Siku ya nne baada ya kumzika ndugu yako niliupanda. Nimeanguka mara ngapi? Wewe mwenyewe uliniokotea majani mara mbili. Hakuna aliyeniambia, Bitutu, kaa, mifupa yako. Sasa napanda mikono mitupu, ndipo mnaniambia nikae."

Baba mdogo alitazama mikono yake. Manasseh aliinuka akatoka nje, nikamfuata. Nilimkuta kwenye ukingo wa shamba, anatazama kule chini mtoni na kule juu kituoni, kama mtu anayepima umbali ambao maisha yake yote hakuwahi kuupima. Akasema, "Mimi nilikuwa napita hapa na vitabu tu." Alikaa hapo hadi nikaanza kusikia baridi. Aliporudi ndani alimwomba mama jambo moja, kwamba kwenye miteremko atembee. Mama akakubali, na ahadi hiyo hajaivunja.

Basi sikiliza yaliyotokea tarehe ishirini na nne Agosti. Vijana wa mitaa yenu kule Nyamira walitayarisha mbio za kilomita kumi na mbili, kutoka uwanja wa soko, kuzunguka kupitia mashamba ya chai, na kurudi. Genda Buya tulikwenda tisa, kwenye pikapu ya Mose. Manasseh alisema anakuja kutushikia masweta. Kulikuwa na watu karibu mia mbili, vijana wengi wenye miguu ya swala. Mama alibandikwa namba kifuani kwa pini, akaibandua, akaibandika upya mwenyewe, sawasawa.

Nilikimbia naye mwanzoni. Kwenye mteremko wa kwanza alitembea kama alivyoahidi, na karibu kila mtu akatupita. Sikuona haya; niliona fahari. Kisha barabara ikaanza kupanda, na nikatambua ni barabara gani. Ni ile inayotoka mtoni kwenda kituoni.

Wanawake walikuwa wanachuma, maana Jumapili kwa wengi wao ni siku ya kazi. Wanamjua mama tangu ujana. Mmoja alimwona akija mbio, akanyoosha mgongo, akaita kwa sauti ya hofu, "Bitutu, kuna nini? Nani amekufa?" Unajua kwetu mwanamke mzima hakimbii bure. Anakimbia kwa sababu ya moto au msiba.

Mama hakusimama. Akamjibu, "Hakuna aliyekufa. Nakimbia tu."

Yule mwanamke alibaki ameshika majani mkononi. Halafu akatua kikapu chake, taratibu, akakiegemeza kwenye mchai kisimwagike, akatoka kwenye mistari, akaingia barabarani na kuanza kukimbia nyuma ya mama. Alikuwa na aproni ya plastiki na buti. Kisha mwingine. Kisha wawili kwa pamoja. Nilipogeuka niliwahesabu kumi na mmoja, wanapanda, aproni zikipigapiga magotini, hakuna aliyekuwa na namba. Kulisikika buti tu na pumzi.

Nilisimama. Sikusimama kwa uchovu. Nilikuwa na nguvu bado. Nilikaa kando kwenye majani nikawapisha, kwa sababu niliona napita katikati ya kitu ambacho si changu. Walipita mbele yangu mmoja mmoja, na nyuso zao sitazisahau. Sijui nizifananishe na nini. Nimeona watu wakitoka majini siku ya ubatizo, na hapo ndipo karibu ninapoweza kukufikisha.

Walikwenda naye hadi kituoni, pale ambapo maisha yao yote safari huishia. Wachache wakaendelea kidogo zaidi, kisha wakarudi kwenye vikapu, maana majani hayangoji. Mama akaenda zake. Alimaliza kwa saa moja na dakika thelathini na moja, wa mia na kitu. Aliomba maji, akaniuliza nilikuwa wapi, akabandua namba yake kifuani na kumpa Manasseh ashike. Manasseh alikuwa na masweta tisa mikononi, akaishika kwa vidole viwili. Jumapili iliyofuata alikuja nasi Nyanchwa. Anakuwa wa mwisho, na hajali.

Sasa wale wanawake wanakutana kila Jumapili kabla ya kuchuma, na mama ndiye anayewatangulia. Kwetu haji tena kila wiki. Ni sisi tunaokwenda kwake mara moja kwa mwezi. Presha yangu imeshuka, daktari amenipunguzia dawa. Lakini usidhani nimekuwa mtu mwingine. Bado kuna asubuhi nachukia viatu vile. Nimejifunza tu kwamba ari haiji kukuamsha kitandani; ukitoka, mnakutana njiani.

Nakuomba msamaha kwa uongo wa mwezi wa tano. Kwa mbio sikuombi msamaha. Mpigie mama, shemeji, na kabla ya ng'ombe muulize mbio zinaendaje. Mimi nilimuuliza siku moja huwa anafikiria nini akikimbia, nikidhani atanitajia Mungu au baba yenu. Akasema, "Sifikirii kitu. Zamani nikipanda nilikuwa nahesabu karo, maziwa, nani anaumwa. Sasa kichwa kiko wazi. Sikujua kama kuna watu huishi hivyo."

Leo alfajiri tulikuwa kwake. Alitutangulia kama kawaida yake. Pale juu njia inagawanyika: ya kulia inakwenda kituoni, ya kushoto inapanda kwenye mgongo wa kilima ambako hakuna shamba wala nyumba, ni mawe na upepo. Nilikuwa mbali nyuma. Nilimwona akifika kwenye njia panda, na bila kupunguza mwendo akashika ya kushoto. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Miaka yote niliyoishi na familia hii, leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mama akienda mahali ambapo hakuna aliyemtuma.

Nisalimie sana Kabula na wazazi wake, na umbusu Ongeri mdogo kwa niaba ya bibi yake. Manasseh anakusalimu, baba mdogo Onchiri pia, na Gladys, ambaye hamjawahi kuonana naye lakini anakujua kwa habari. Mungu aliyeilinda miguu ya mama kwenye utelezi ailinde na yenu huko ugenini, awape riziki isiyo na machozi, na awarudishe nyumbani mkiwa na afya.

Mimi shemeji yako, nikupendaye hata tulipokuwa hatusemezani,

Persis